Mjomba, Hukungojea "Ila"

Mpendwa mjomba Shija,

Shikamoo. Hiyo nakupa kwa sababu ni haki yako. Lakini ile nyingine, ya kwamba mimi ni mzima wa afya na sijui wewe huko uliko, leo hutaiona. Barua zote nilizokuandikia tangu nilipojua kuandika, nimekaa kwenye kigoda na mama akinitajia maneno huku anachambua pamba, zilianza hivyo. Sisi wazima. Ng'ombe wazima. Mvua si haba. Hii ya leo haikutaka kuanza hivyo, na mimi sikuilazimisha. Usishtuke, hakuna msiba.

Naandika mchana, jua likiwa juu kabisa, kwa sababu asubuhi vidole vyangu havishiki kalamu. Hata sasa kalamu yenyewe nimeizungushia kitambaa mpaka imekuwa nene kama mpini, ndipo inakaa. Masanja wangu mdogo amelala mgongoni. Akiamka kabla sijamaliza nitaacha hapo hapo, niendelee kesho. Mama yuko hapa nje kwenye kivuli cha nyumba, anasikia karatasi inavyokwaruza. Ameshauliza kama nimekusalimia.

Nakala moja inakuja kwako huko Ulaya. Nyingine naipeleka gazetini, kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Utasema mambo ya nyumbani hayatangazwi. Mjomba, haya wewe ndiye uliyeyatangaza kwanza.

Unamkumbuka yule jogoo? Ulikuwa umetoka Dar es Salaam, unasomea udaktari, umekuja likizo kwetu Mhunze na shati lako jeupe ambalo bibi alikataa lisifuliwe na mtu mwingine. Mama akachinja jogoo. Ukaokota mguu aliokwisha kuukata, ukaninyooshea pale uani, ukatafuta ule mshipa mweupe kwa ncha ya kisu, ukauvuta. Vidole vya jogoo vikajikunja. Nikakimbia mpaka zizini, kisha nikarudi kukuomba uvute tena.

Ukaniambia, "Minza, hata wako uko hivi hivi. Nyama inavuta, kamba inakaza, kidole kinatii."

Kisha ukapasua pale kwenye kifundo ukanionyesha ndani. Paling'aa kama jicho. Ukasema hapa ndipo mfupa unapoteleza juu ya mfupa mwenzake, na pakikwaruzika hapa mtu hapati usingizi. Mama akasimama mlangoni na mwiko.

"Shija, hiyo ni mboga."

"Dada, nasoma."

"Soma, ukimaliza rudisha kwenye sufuria."

Tulicheka sana siku ile. Nilikupenda wewe kuliko watu wote wakubwa, maana watu wakubwa wengine walikuwa wanaficha vitu, wewe unapasua na kuonyesha. Nataka ukumbuke hilo unaposoma huko mbele. Anayekuandikia si mtu anayekuchukia.

Halafu ukaanza kuzaa. Ndivyo bibi alivyokuwa anasema. Lilipokuja andiko lako la kwanza kwa posta, kurasa chache zilizobanwa pini na jina lako limepigwa chapa juu, bibi alilipima uzito kiganjani akasema, "Shija kazaa." Tangu hapo kila bahasha ya kahawia ilipofika, kijiji kizima kiliambiwa mjomba kazaa tena. Ukazaa la miguu ya watoto inayopinda kwa ajili ya maji ya visima vyetu. Ukazaa la migongo ya wanaume wachimba dhahabu. Ukazaa la wazee wanaovunjika nyonga, na la watu wanaoanguka kutoka kwenye mikokoteni ya ng'ombe. Sisi watoto tulibishana juu ya picha za mifupa. "Huo mguu wa Masanja kabisa," alikuwa akisema mmoja, "tazama ulivyojipinda." Masanja mwenyewe alikuwa anajivuna. Huyo Masanja ni kaka yangu, ndiye niliyempa mwanangu jina lake.

Mama aliyaweka yote kwenye sanduku la bati pamoja na kitenge chake cha harusi. Mgeni akifika, chai haijachemka, maandiko yameshapangwa mkekani moja moja. Hakuna aliyejua Kiingereza. Mama alikuwa anayageuza tu kurasa, pole pole, kama anageuza mtoto. Na lililokaa juu siku zote ni lile lenye picha ya ghala la pamba.

"Hili ndilo langu," anasema. "Mimi huyu hapa, wa tatu, mwenye mwavuli."

Sasa tuzungumze habari za ghala.

Ilikuwa baada ya watu wote kuhamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mistari, na wewe umerudi ukiwa daktari kamili. Mwenyekiti alipita na kipaza sauti cha bati akitangaza kwamba kijana wetu anakuja kuwapima kina mama viungo, wajitokeze wote. Wakajitokeza. Mjomba, uliona nguo zao? Waliovaa vitenge vya sikukuu, waliojipaka mafuta mpaka magotini. Hakuna anayejipamba hivyo akienda kwa mganga. Walikuwa wanakuja kumtazama mtoto wa kwao.

Wewe ulikuwa kwenye meza mlangoni mwa ghala, na kijana uliyekuja naye kutoka mjini amekaa pembeni anaandika. Nilikuwa na mama. Ulisimama kumpokea dada yako, ukamsalimu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Watoto mhola?"

"Mhola."

"Mikono mhola? Magoti mhola? Mgongo?"

"Mhola. Mhola. Mhola."

Kijana akaandika. Ukamgusa mama begani, ukatabasamu, ukasema, "Anayefuata."

Kwa msomaji wa gazeti asiye wa kwetu: mwangaluka ni salamu ya asubuhi, mhola ni salama, ni nzuri, na duhu ni tu. Kwetu ukiulizwa mhola unajibu mhola. Nyumba ikiwa imeungua jana, unajibu mhola. Maiti akiwa ndani hajazikwa, anayekuja kuomboleza atasalimia na atajibiwa mhola. Salamu ni mlango. Mtu hawezi kukumwagia shida zake umesimama mlangoni. Anakukaribisha kwanza na mhola, unakaa, mnanyamaza kidogo, unauliza tena, na hapo ndipo anaposema, "Mhola, ila." Ila mtoto ana homa. Ila ng'ombe wameibwa. Ila huyu mume hata sijui nifanyeje. Mambo yote ya mtu yako nyuma ya hiyo ila.

Wewe hukungojea ila.

Uliuliza magoti kwa salamu ukajibiwa kwa salamu. Kina mama wa kijiji kizima walipita mbele ya meza yako, kila mmoja amekuletea ila yake imefungwa kwenye upindo wa kitenge, na kila mmoja akarudi nayo nyumbani.

Nakumbuka mama aliposikia "anayefuata" alibaki pale amesimama, mdomo haujafunga. Akasogezwa na waliokuwa nyuma. Njiani, tulipokwisha kupita kisima, ndipo akasema, si kwangu, kwa mwavuli wake: "Sikuwa nimemaliza."

"Ulitaka kumwambia nini?"

"Kwamba asubuhi siwezi kufungua komeo la mlango. Nasukuma kwa kiwiko."

"Mbona hukumwambia?"

"Hakuuliza tena."

Na yakaishia hapo. Hakukulaumu. Mpaka leo hakulaumu. Alisema watu walikuwa wengi, na wewe jua lilikuwa linakupiga.

Sasa nije kwangu.

Unajua niliolewa huku Geita, mume wangu anachimba dhahabu kwenye mashimo haya ya watu wadogo wadogo. Sisi wanawake kazi yetu ni kutwanga. Mawe yanatoka shimoni, tunayatwanga kwa mchi wa chuma mpaka yawe unga kama wa mtama, ndipo yaoshwe. Nilitwanga nikiwa na mimba ya Kabula, nikatwanga nikiwa na mimba ya Masanja, sikuona tatizo. Masanja alipozaliwa, hata arobaini yake haijatimia, niliamka asubuhi moja vidole vimevimba kama vimepikwa. Havikunji. Mtoto analia, ziwa limejaa, nashindwa kufungua kifungo cha blauzi yangu mwenyewe. Nikadhani nimelalia mikono. Kesho yake hivyo hivyo. Jua likipanda vinalegea kidogo, mchana naweza kushika mwiko, kesho alfajiri vimefunga tena. Kisha vifundo vya mikono. Kisha nyayo, mpaka naona kama nakanyaga zile kokoto ninazozitwanga.

Wifi yangu alikuja kunisaidia uzazi, akanitazama siku chache, akasema mbele ya wenzake: "Ugonjwa huu una adabu. Unamkamata wakati wa kuchota maji, unamwachia wakati wa kula."

Wakacheka. Na mimi nilicheka, maana ungekuwa wa mtu mwingine ningeusema vile vile.

Baba Kabula ndiye asiyecheka. Yeye ndiye anayenifunga mtoto mgongoni kila asubuhi kabla hajakwenda shimoni. Mwanaume mrefu yule, mikono imejaa vumbi la mwamba, anapiga fundo la kanga kifuani kwa mkewe, tena analipiga vizuri kuliko mimi. Wachimbaji wenzake walimwona. Sasa akipita wanamwita mama Masanja. "Mama Masanja, leo mtoto kanyonya?" Anawajibu, "Kanyonya, kabakiza, njoo." Hivyo ndivyo tunavyoishi.

Mama alipokuja kunitazama hakuuliza kitu. Aliichukua mikono yangu akaiweka kwenye mapaja yake, juu ya mikono yake. Mjomba, sijui nikuelezeje. Ilikuwa mikono ya aina moja. Yake imeshatangulia tu. Vidole vyake vimelala vyote upande wa nje, kama majani ya mtama yaliyopigwa na upepo, na kile cha mwisho hakifunguki kabisa. Nilikuwa naiona siku zote na nilikuwa sijawahi kuitazama. Nilidhani ni uzee. Mama yangu si mzee kiasi hicho, wewe unajua, ndiye Doto wa mapacha na wewe ndiye uliyefuata.

Nikakumbuka jogoo. Nikasema moyoni, nani anauvuta mshipa huu, na kwa nini hauachii?

Nikaenda hospitali. Siitaji, maana kuna wauguzi pale walionisaidia na sitaki waonekane wabaya. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, si mkali. Alinibonyeza vidole viwili, akaniandikia vidonge vya maumivu, vile vile nilivyokwisha kuvimaliza. Nikamwambia naomba barua ya kwenda Mwanza, nimesikia kuna daktari wa viungo pale.

"Mama, wewe umejifungua juzi, unatwanga mawe. Umechoka tu."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini huu si uchovu. Mama yangu anao pia."

"Unafikiri ni ugonjwa gani?"

"Wa viungo. Baridi yabisi. Sijui nyie mnauitaje."

Hapo akacheka kidogo, akaniambia kwa upole, kama anavyomwambia mtoto, kwamba huo ugonjwa ninaoufikiria watu wa huku hawana. Unawapata wazungu. Wanawake wa Usukuma wametafitiwa, wanalima na kutwanga mpaka uzeeni na viungo vyao ni salama, na hili si la kubahatisha, limeandikwa. Akainuka akachukua kitabu kwenye rafu nyuma yake, akatafuta, akanigeuzia.

"Na aliyeandika si mgeni," akasema. "Ni Msukuma mwenzako."

Mjomba, lilikuwa ghala la pamba. Mama wa tatu, mwenye mwavuli.

Nikaomba anisomee kwa Kiswahili. Akanisomea. Wanawake waliulizwa kwa lugha yao wenyewe, na mtafiti aliye mwenyeji, na karibu wote walijibu kwamba hawana maumivu. Akasema andiko hili limetajwa na wenzako wengi, huku na Ulaya, kila wanapotaka kusema kwamba ugonjwa huu ni nadra kwetu. Nikawaza, mama hajawahi kuvuka Mwanza, lakini ile mhola yake imetembea nchi zote hizo.

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Masanja akaamka.

"Unacheka nini, mama?"

"Huyu ni mjomba wangu. Na huyu mwenye mwavuli ni mama yangu, ndiye ninayekwambia anaumwa."

Akatazama picha. Akanitazama mimi. Nadhani hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeamini pia. Akafunga kitabu.

"Basi ni rahisi," akasema. "Mwandikie mjomba wako. Yeye akisema alikosea, mimi nakupa barua ya Mwanza siku hiyo hiyo."

Labda alikuwa anatania. Mimi nimelichukua hivyo hivyo alivyolisema.

Kwa hiyo nakuandikia. Nataka uzae mara moja zaidi. Andika andiko jingine, hata liwe ukurasa mmoja, useme kwamba uliwauliza dada zako salamu ukaandika majibu ya salamu. Useme kwamba hukungojea ila. Liwekwe mahali pale pale ulipoliweka la kwanza, wanaposoma watu wale wale. Na unitumie karatasi moja ya mkono wako nimpelekee yule daktari.

Najua utakachosema. Utasema kazi ya kitaalamu inafuata jibu lililotolewa, na jibu lililotolewa ni mhola. Ungekuwa mgeni ningekukubalia. Mgeni angeweza kukosea vile, na mkalimani wake angekosea pamoja naye. Lakini wewe ulizaliwa katika nyumba hii. Uliwahi kumwambia bibi mhola ukiwa na tumbo la kuharisha, akakukalisha, akakungojea, mpaka ukasema. Ni mama aliyenisimulia. Ulipelekwa kusoma bweni ukiwa mdogo, labda huko walikufundisha kuuliza mara moja. Sijui. Nimefikiria sana na sijapata jibu lake, na sitajifanya ninalo.

Kitu kimoja nadhani nakijua. Nadhani ulifurahi. Ulipokuwa unasikia mhola, mhola, mhola, pale ghalani, ulifurahi kwamba watu wa kwenu ni wazima. Ulitaka kwenda kuwaambia wale wazungu wako kwamba tazameni, dada zangu wana nguvu, hawalalamiki. Nimelisikia hilo katika yale aliyonisomea yule daktari. Ulikuwa unatusifia.

Nakushukuru, na ninaikataa sifa hiyo. Nakurudishia. Sitaki kusifiwa kwa kutoumwa wakati naumwa. Sitaki mwanangu Kabula aje aambiwe na daktari mwingine kwamba damu yake haijui ugonjwa huu kwa sababu bibi yake alikuwa na adabu mbele ya mdogo wake. Nguvu tunazo. Lakini nguvu si dawa, na mtu akitumia nguvu zake zote kufungua komeo kwa kiwiko, siku nzima inayobaki ataifanyia nini?

Mwalimu wangu wa darasa la sita alitufundisha kwamba neno ila lina maana mbili. Ni lakini, na ni kasoro pia. Andiko lako lina ila kwa sababu halina ila. Nimekaa na maneno hayo wiki nzima, nikaona ni afadhali nikuandikie kuliko kuendelea kukaa nayo.

Na ujue sikungojei. Barua kwenda Ulaya na kurudi ni safari, na unaweza kuamua usijibu. Jumatatu narudi hospitali, naye mama ananisindikiza. Tutakaa kwenye benchi la kumngojea yule daktari. Akituuliza habari, nitamwambia mbaya. Nimejizoeza nyumbani, Kabula ananiuliza, "Habari yako mama?" namjibu, "Mbaya," naye anaona ni mchezo, anauliza tena na tena. Si rahisi, mjomba. Ulimi unakataa. Ni kama kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Lakini nitaingia. Daktari akisema imeandikwa, nitaweka mikono yangu juu ya kitabu chako, na mama ataweka yake, aamue yeye mwenyewe asome kipi, kitabu au mikono.

Nilikuwa nimefika hapo jana nikaitwa na uji uliokuwa unafurika. Leo nimeendelea, tena kukiwa na jua zuri.

Mama ameniuliza tena asubuhi hii.

"Umemsalimia mdogo wangu?"

"Nimempa shikamoo."

"Umemwambia sisi wazima?"

"Sikumwambia."

Alikuwa anaanua michembe, unajua anavyoipenda, viazi vilivyokaushwa na jua vile vile kama zamani. Anaikusanya kwa viganja viwili siku hizi, anaibana kati yake kama mtu anayebeba maji, maana vidole havichukui kimoja kimoja. Nikangoja aniambie nimekosa adabu. Nilikuwa tayari kumjibu.

Akasema, "Nisomee."

Nikamsomea yote. Habari za jogoo alicheka, akasema mboga ile ilikuwa na mchanga. Habari za ghala aliendelea kuanua michembe. Nilipofika kwenye maneno kwamba hukungojea, alinizuia kwa mkono.

"Hapo usimkaripie. Alikuwa na watu wengi."

"Mama, ameniponza."

"Nimesikia. Nasema usimkaripie. Kumwambia mwambie."

Akaketi. Akatazama juu kwenye ubao wa ukutani kwangu, ambapo amekiweka kile kikombe ulichomletea kutoka Ulaya, cheupe chenye maua ya buluu na mkono mwembamba kama kidole cha mtoto. Amehama nacho kutoka Mhunze amekifunga katikati ya nguo. Kila barua umeuliza kama dada anakitumia, na kila barua ameniambia nikujibu kwamba amekitunza kisivunjike, ni cha heshima. Nami nimeandika hivyo miaka yote, nikiamini.

"Andika na langu," akasema. "Weka mwisho, peke yake, lisichanganyike na yako."

"Niandike nini?"

Alichelewa kujibu. Nikamngojea. Nikasikia mwenyewe ninavyongoja, mjomba, nikaona kumbe si kazi kubwa. Ni kunyamaza tu kidogo na kutoita anayefuata.

Haya hapa maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza:

"Shija, mhola. Ila kikombe chako sijawahi kukinywea. Si kwamba nakitunza. Mkono wake ni mwembamba, siushiki. Tangu siku ile ya ghala, na kabla yake. Vidole vinauma, mdogo wangu. Vinauma kila asubuhi."

Uliuliza, na umejibiwa. Sasa andika.

Sina la kukutakia zaidi ya mikono mizima, maana una kazi ya kufanya nayo.

Ni mimi mpwa wako,
Minza wa Doto, mama Kabula.